Pazia la Kijiji cha Mzee Han

Wanangu wa darasa la Kiswahili la Jumamosi, mwalimu wenu kaniletea ombi lenu, nimecheka mpaka chai ikanipalia. Mnataka Babu Athumani awaandikie sehemu nzuri za kutembelea huko Korea, za mashambani, si za mjini, kwa sababu mmeziona kwenye tamthilia zenu na mtu kawaambia kwamba mimi nazijua kwa majina. Nazijua kweli. Nawaeleza hata mwanga wa asubuhi unapiga upande gani wa mashamba ya chai ya Boseong, na mawe ya kisiwa cha Jeju yana rangi gani yakilowa mvua. Tatizo ni dogo tu: Korea sijakanyaga. Nilitoka Tanga kwa mabasi nikafika Johannesburg, na hapa ndipo safari yangu ilipoishia.

Nilikuwa nazichora. Kwa miaka ishirini na mitatu kazi yangu ilikuwa kuchora mapazia ya wapiga picha wa Joubert Park, ile bustani ya katikati ya mji. Ninyi mnaopiga picha mia kabla ya kunywa chai hamtaelewa, kwa hiyo tulieni niwaeleze. Zamani hizo mtu hakutembea na kamera mfukoni. Dada wa kazi za ndani siku yake ya mapumziko, mlinzi aliyetoka zamu, kijana wetu wa Tanga aliyeuza viatu, kinyozi wa Kirundi, wote walivaa vizuri wakaja bustanini kupigwa picha ya kupeleka nyumbani. Na nyumbani hawakutaka kuonyesha maghorofa yenye nguo zilizoanikwa madirishani. Walitaka nyuma yao kuwe na kitu cha kumfanya mama afurahi. Hicho kitu ndicho nilichokichora mimi, kwenye kitambaa cha marekani kirefu kuliko mlango na kipana kuliko gari, kikatundikwa kwenye miti miwili kikafungiwa matofali chini kisipepee.

Aliyenifundisha ni Papa Kalala, Mkongo wa Lubumbashi, aliyekuwa na banda la kazi nyuma ya nyumba moja kule Bertrams. Nilimfikia nikiwa mtu mzima na ndevu zangu, fundi wa kuandika mabango ya maduka ya Makorora kule Tanga, najiona najua. Pazia langu la kwanza nililichora peke yangu, bila kuuliza mtu. Nilichora maporomoko ya maji, makubwa, meupe, katikati kabisa ya kitambaa, kwa maana ndiyo yaliyokuwa mazuri. Mpiga picha akalitundika, akaja mama mmoja mnene na kilemba chake, akasimama. Picha ilipotoka, maji yote ya mlima yalikuwa yanamwagikia kichwani mwake, na yeye anatabasamu tu. Alituuliza kama tunamwonea.

Papa Kalala hakunigombeza. Alikuwa mtu wa kuvuta kigoda na kukaa karibu yako mpaka uone aibu mwenyewe. Akaniambia, "Bon, Tanga, ona. Muntu anakuja juu ya sura yake, haiko juu ya mlima yako. Anza na fasi atasimama." Fasi kwao ni mahali, na juu ya ni kwa ajili ya. Tangu siku hiyo ikawa sheria yangu: kabla sijachora mlima wala mti, naifuta katikati. Kila kilichosimama pale nilikiondoa, nikakisogeza pembeni, nikaweka nyasi laini au njia au anga tupu, ili mtu apate pa kukaa. Sheria hiyo ilinilisha miaka mingi. Nitawaambia na jinsi ilivyonitia aibu, lakini subirini, haraka haraka haina baraka.

Kulikuwa na sheria nyingine. Mstari wa upeo, pale ardhi inapokutana na anga, uwe usawa wa kifua cha mtu, si shingoni, maana ukipita shingoni unamkata kichwa. Rangi ichanganywe na gundi ya mbao kidogo, isije ikapasuka ukilikunja pazia, na pazia lenyewe likunjwe kwa kuviringishwa kwenye mti, si kama shuka. Na kubwa kuliko zote ni mwanga. Hapa Johannesburg jua linakaa upande wa kaskazini. Ukilitundika pazia lielekee kaskazini, mwanga wa asubuhi unatoka kushoto kwako unayetazama, na wa jioni unatoka kulia. Kwa hiyo pazia la asubuhi lina vivuli vya kwenda kulia, na la jioni lina vya kwenda kushoto. Ukikosea, mteja anaonekana kabandikwa, na hata asiyejua sababu atasema picha haina ukweli.

Sasa Korea iliingiaje? Kwenye barabara ya pembeni ya bustani palikuwa na duka la Mkorea mmoja, Mzee Han. Wapiga picha wote walinunua filamu kwake na kumpelekea asafishe. Alikuwa mfupi, shati jeupe kila siku, Kiingereza chake kifupi kifupi kama changu, ndiyo maana tulielewana. Kila mwisho wa mwaka aliwapa wateja wake kalenda iliyotoka kwao, ina picha kumi na mbili za mashamba na milima, na majina ya mahali yameandikwa chini. Sisi wote wakati huo tulikuwa tunachora vitu vilevile, ufukwe wa Durban na milima ya Ulaya yenye theluji. Nikaichukua kalenda ya Mzee Han, nikaanza mwezi wa kwanza.

Mashamba ya chai ya Boseong nilidhani nayamudu, maana chai ya Usambara nimeiona kwa macho yangu. Nikachora. Mzee Han akaja kutazama, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Aliniambia hiyo ni kwenu, si kwetu. Chai ya kwao imepangwa safu ndefu za mviringo zinazofuata mgongo wa kilima, kama mistari ya kichwa kilichosukwa, na kando yake kuna miti mirefu iliyonyooka, iliyofunikwa na ukungu. Nikairudia yote. Ilikuwa nzuri kupita kiasi, ila ikaja siku mlinzi mmoja akasimama mbele yake na sare yake ya kijani. Picha iliyotoka ilikuwa kichwa na mikono miwili katikati ya chai. Mama yake akamwandikia kutoka Iringa kumuuliza amepatwa na nini.

Jeju ndiyo iliyopendwa na kina dada. Ni kisiwa, na wakati wa machipuko mashamba yake yanageuka manjano yote kwa maua, yamezungushiwa kuta fupi za mawe meusi. Sikilizeni siri ya fundi: ngozi yetu na manjano ni marafiki. Mtu mweusi akisimama mbele ya maua yale anang'aa bila kupakwa kitu. Mzee Han alinieleza kwamba zile kuta hawazijengi kwa udongo, wanapanga mawe tu na kuacha matundu, upepo upite, ukuta usianguke. Nikaenda nikakata matundu madogo kwenye pazia kwa wembe, nikayaficha katikati ya mawe niliyochora, na upepo wa mwezi wa nane haukuniangushia pazia tena. Wenzangu walikuja kuniuliza nimefanyaje, nikajidai kutosikia.

Msitu wa mianzi wa Damyang niliutenga kwa wanaume wafupi. Mistari ya mianzi inapanda juu na macho yanapanda nayo, mtu anaongezeka urefu wa kiganja. Nilikuwa na wateja waliosimama foleni kwa ajili hiyo tu, ingawa hakuna aliyekiri. Matete ya ghuba ya Suncheon yaliwafaa wachumba, kwa kuwa rangi yake ni ya jioni na hayashindani na gauni la mtu. Na kijiji cha Hahoe, kile ambacho mto umekizunguka karibu pande zote, nilikichora na theluji juu ya mapaa ya vigae. Hicho nacho kilinifunza. Mama mmoja Mrundi wa Bellevue alikuja mwezi wa kumi na mbili, jua la kupasua kichwa, amevaa koti la sufu ili lifanane na theluji, jasho linamtiririka. Picha ikaenda kwao. Baada ya wiki chache akarudi na barua ya baba yake. Mzee kasema, mwanangu, rudi nyumbani, hiyo baridi itakuua. Alitaka apigwe nyingine haraka sana, penye jua. Tulicheka, lakini nakumbuka alivyokuwa ameishika ile barua.

Basi ndiyo kazi ilivyokuwa. Baadaye zikaja kamera zisizotumia filamu, kisha mapazia ya plastiki yaliyochapishwa kwa mashine, kisha simu zenu hizo. Sizilaumu. Ila ile miaka filamu zilipokuwa zinakufa, duka la Mzee Han lilikufa nazo, na yeye mwenyewe akaanza kuumwa figo. Mara tatu kwa wiki alikuwa anapelekwa hospitali kusafishwa damu. Alikonda, mkono wa kushoto ukavimba mishipa, lakini shati jeupe hakuliacha.

Siku moja akaja bandani Bertrams na binti yake, Mina. Mina alizaliwa hapa hapa Johannesburg. Kizulu chake kilikuwa safi kuliko changu, na Kikorea chake kilikuwa cha kuombea chakula na kusema asante. Mnamjua mtu wa namna hiyo. Kama hamumjui, jitazameni kwenye kioo.

Mzee Han alitoa picha kwenye bahasha, ndogo kama kiganja, nyeusi na nyeupe. Ilikuwa ya kijiji chao huko Gurye, chini ya mlima Jiri. Paa la vigae, mti wa matunda ambayo mzee alisema ni ya rangi ya chungwa, mteremko nyuma ya nyumba. Alinieleza kwamba wana sikukuu ya mavuno, mwezi ukiwa mpevu, na siku hiyo kila mtu anarudi kijijini kwao. Yeye hakuwa amerudi kwa miaka zaidi ya thelathini. Mwanzo alikuwa hana uwezo, baadaye alikuwa na duka, na sasa madaktari walikuwa wamemwambia asipande ndege. Kaka yake aliyebaki kule alikuwa amekufa. Akataka pazia kubwa la mahali pale, alione sikukuu ijayo, na binti yake alione wakati yeye angali yupo wa kumwonyesha. Alisema hivyo waziwazi, Mina akatazama chini.

"Chora kama ilivyo," akaniambia. "Usiongeze kitu."

Sikuanza kwa kuongeza, wanangu. Nilipunguza. Niliiweka ile picha ukutani, nikachora mistari ya kuikuza, nikaanza kama nilivyozoea, na sehemu ya kusimama mtu. Sasa katikati ya mteremko, pale pale panapotakiwa pawe wazi, kulikuwa na vilima viwili vidogo vya mviringo vimejaa majani marefu. Nikavitazama. Kwetu ningesema vichuguu. Nikafikiri labda ni marundo ya mavuno, labda ni udongo uliochimbwa. Kwa vyovyote vilikuwa vibaya na vilikuwa njiani. Nikavifuta. Mahali pake nikaweka maua ya manjano, yale ya Gurye yanayochanua kwenye miti midogo kabla majani hayajatoka, niliyoyakumbuka kwenye kalenda. Nilijipongeza. Niliona nimempa mzee zawadi.

Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, na mimi sikuuliza. Duka lilikuwa limefungwa lakini nyumba yake ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka bandani.

Alipokuja kulitazama zilibaki siku kumi sikukuu ifike. Mina alimshika mkono wakaingia. Nikalifungua pazia. Mzee Han akaona paa la vigae, uso ukamlegea, akamwonyesha Mina mti wa matunda na mlango wa jikoni. Kisha macho yake yakaenda katikati, yakarudi, yakaenda tena.

"Wako wapi baba na mama yangu?" akaniuliza.

Nikamjibu kwa upole, nikidhani ni maradhi, kwamba pichani hakukuwa na watu. Hakubishana nami. Alichukua ile picha ndogo, akaweka kidole kwenye kilima cha kwanza, akakihamisha kwenye cha pili. Mina ndiye aliyenieleza, kwa Kiingereza. Kwao makaburi ni hivyo, kilima cha udongo kilichooteshwa nyasi, juu ya mteremko, yakitazama jua. Watoto wa kiume wanakwenda kuyakata nyasi kabla ya sikukuu, kisha siku yenyewe familia yote inakwenda kuinama mbele yake.

Sijui kama mmewahi kuona aibu inayoanzia miguuni. Mimi nilikuwa nimewafukua wazazi wa mtu nikapanda maua. Nikamwomba radhi, nikarudia. Alinipiga bega kidogo kwa ule mkono wenye mishipa, akasema kosa ni lake, hakunieleza. Wema wake ulinikata zaidi kuliko kama angenitukana.

Usiku ule sikulala vizuri, na haikuwa kwa sababu ya pazia tu. Baba yangu alifariki mwaka wangu wa nne hapa. Sikuwa na karatasi. Ningetoka nisingerudi, na watoto walikuwa wadogo. Mazishi yake niliyasikiliza kwa simu ya kibandani, nimeziba sikio la pili kwa kidole kwa sababu ya kelele za magari. Karatasi nilipozipata nilikuwa tayari naona haya, kila mwaka nasema mwakani. Kwetu kabla ya Ramadhani watu huenda makaburini kufyeka majani na kusoma. La baba yangu lilikuwa linafyekwa na wadogo zangu. Mimi hata nilikuwa sijui liko upande gani wa mti.

Papa Kalala alikuwa amezeeka, hachori tena, anakaa tu bandani akitukosoa. Nilimwambia nitachora pazia jipya kuanzia mwanzo, ila nina uzito moyoni. Mimi Mwislamu, na watu wale watainama mbele ya kitu nilichokichora kwa mkono wangu. Alifikiri sana, akichezea kofia yake.

"Tanga, weye banakuita juu ya kupaka, haiko juu ya kuinama," akasema. "Na ule muzee haabudu kilima. Anasalimia bazazi bake."

Sikusema amenituliza kabisa, kwa kuwa sheikh wangu pengine angesema lingine, na sikwenda kumuuliza. Mambo mengine mtu anayabeba mwenyewe. Nilikata kitambaa kipya. Safari hii nilianza na vile vilima viwili, kabla ya mlima, kabla ya nyumba, katikati kabisa. Picha ilikuwa imepigwa nyasi zikiwa hazijakatwa, kwa hiyo nilizichora ndefu, jani kwa jani, kama zilivyokuwa. Kila nilipofikia kubahatisha niliweka brashi chini nikatembea dakika zangu kumi kwenda kumuuliza. Vilima vina upana gani? Udongo una rangi gani unapochungulia? Alifurahi kuulizwa. Nadhani siku zile kumi alikuwa kijijini kwao zaidi ya alivyokuwa Bertrams. Nilipomaliza nilishika wembe nitoboe matundu ya upepo kama kawaida, nikaurudisha kwenye mkebe. Sikuona mahali pa kutoboa.

Asubuhi ya sikukuu nilikwenda nyumbani kwake na pazia begani. Kwao ni vuli, hapa ni machipuko, hewa kavu na vumbi. Hakutaka tulitundike ndani. Alisema wazazi wako nje, na yeye atawaamkia nje. Uani kwake palikuwa pa saruji, padogo. Tukalitandaza pazia chini kwanza alitazame. Mina alimwekea kigoda, akakaa, akainama mpaka uso ukakaribia kitambaa. Akapitisha kiganja juu ya kilima cha kwanza.

"Nyasi ni ndefu," akasema.

Nikamwambia ndivyo zilivyo pichani, sikuthubutu kubadili.

"Najua. Nipe brashi."

Hapo ndipo nilipoelewa. Tangu kaka yake afe, makaburi yale hayakuwa na mtu wa kuyakata. Nikachanganya kijani hafifu na nyeupe kidogo, nikamfundisha kama ambavyo ningemfundisha mwanafunzi: brashi kavu, mchoro mfupi, gusa, vuta kidogo juu, acha. Akaanza chini, akizunguka kilima, jani refu moja baada ya lingine likipotea chini ya rangi mpya. Aliifanya kazi hiyo kwa mkono wa kulia, ule mbovu umelala gotini. Ilimchukua muda mrefu. Kaburi la baba yake lilipokwisha lilikuwa safi, la mviringo, kama limetoka kinyozi. Alipofika la mama yake, mkono ukakataa. Alijaribu mara tatu, brashi inabaki juu ya kitambaa bila kugusa.

Akakaa akilitazama. Kazi ile kwao ilikuwa ya mtoto wa kiume, na yeye hakuwa naye. Kisha akampa Mina brashi. Hakumwambia kitu kirefu, alimwonyesha tu kwa kidole pa kuanzia, chini, uende ukizunguka. Mina alipiga magoti pale kwenye saruji akalikata nyasi kaburi la bibi yake ambaye hakuwahi kumwona. Alikuwa mzito wa mkono kuliko baba yake, akaacha majani mawili matatu marefu upande wa nyuma. Mzee Han aliyaona, nikaona ameyaona, akayaacha.

Rangi hukauka upesi hewa ya hapa ikiwa kavu. Tukaliinua pazia. Upande mmoja tuliufunga kwenye nondo za dirisha. Upande wa pili palikuwa na mti wa kamba ya kuanikia nguo, na pazia lilipopata upepo, mti ule ulilegea ukaanza kuinama. Pazia lisilo na matundu ni tanga la jahazi. Hakukuwa na kingine cha kufungia. Nikawaambia nitashika mimi. Nikaingia nyuma ya pazia, nikaukumbatia ule mti, nikakaza miguu.

Nyuma ya pazia hakuna mlima. Kuna kitambaa chenye madoa ya gundi na rangi iliyopenya, na mwanga unapita kidogo, basi. Sikuwaona. Niliwasikia wakipanga sahani chini, wali na matunda. Nikasikia kinywaji chao kikimiminwa. Kisha magoti ya Mzee Han yakagusa saruji, polepole, la kwanza na la pili, na ya Mina baada yake. Wakainama. Wakainuka, Mina akimsaidia, nikamsikia anavyohema. Wakainama tena.

Halafu akaanza kusema. Kikorea sikijui, lakini niliisikia sauti. Alisema mengi, taratibu, bila kulia, kama mtu anayeeleza kwa nini amechelewa. Mara moja nilisikia jina la Mina.

Mimi nilikuwa upande wa pili, nimesimama walipo wazazi wa Mzee Han, mikono inaniuma, upepo unanivuta na kitambaa. Na mimi nilikuwa na maelezo ya kutoa. Nikaanza Fatiha kwa sauti ya chini. Nikamtaja baba yangu kwa jina lake. Nikamwambia nilikuwa wapi siku ile, na kuhusu ile simu, na kwamba sikusahau, niliona haya tu. Nililia, sioni sababu ya kuwaficha.

Upande ule nikasikia sahani zinakusanywa, kigoda kinavutwa, kisha Mina akaniita kwa Kiingereza chake cha adabu. "Uncle, tumemaliza. Unaweza kushusha sasa."

"Ngoja kidogo, mwanangu," nikamwambia. "Mimi bado."